Sentimita za Siti ya Nyuma

Mtoto wa tatu akizaliwa katika nyumba yenye Vitz, Passo au Demio, ndugu na majirani huwa na ushauri mmoja: uzeni hilo gari, tafuteni Noah. Wasio na fedha za Noah hubaki na ushauri wa pili, ambao hautamkwi waziwazi lakini ndio unaofuatwa zaidi: wakubwa wakae nyuma, mdogo apakatwe. Mashauri yote mawili yamesimama juu ya dhana moja, kwamba siti ya nyuma ya gari dogo haiwezi kupokea viti vitatu vya watoto. Kwa magari mengi tunayoendesha huku, dhana hiyo si ya kweli. Ni kweli kwamba ukichukua viti vitatu vyovyote dukani na kuvipeleka kwenye gari, huenda cha tatu kikagoma kuingia. Lakini kinachokizuia mara nyingi ni upana wa viti vyenyewe, namna vilivyopangwa, na mkanda wa siti ya katikati. Ukubwa wa gari unakuja nyuma ya vyote hivyo, na mzazi anayelijua hilo ataanza kuhesabu sentimita kabla hajaanza kuhesabu mamilioni ya gari jingine.

Tuanze na gari lenyewe, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hupotea bure. Sehemu kubwa ya magari madogo ya Dar es Salaam, Arusha, Nairobi au Mombasa yalitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, na Japani huyagawa magari yake katika madaraja. Gari la daraja la kati halitakiwi kuzidi urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7 na kimo cha mita 2, na injini yake ya petroli isizidi sisi 2,000. Likivuka kipimo kimoja tu linahamishiwa daraja la juu, na kwa miaka mingi kuhama huko kulimaanisha kodi kubwa zaidi kwa mwenye gari. Ndiyo maana watengenezaji waling'ang'ania kubaki chini kidogo ya mpaka. Vitz ya toleo la pili, iliyotoka mwaka 2005, ina upana wa mita 1.695 kwa nje. Corolla Axio ina mita 1.695. Premio, gari ambalo wengi huliona la heshima zaidi, nayo ina mita 1.695. Hata Noah ya mwaka 2001 iliundwa ndani ya mpaka huohuo. Anayeuza Vitz na kununua Premio kwa sababu ya watoto watatu amejiongezea nafasi ya magoti, buti kubwa na usukani uliotulia. Upande kwa upande, mlango hadi mlango, amebaki karibu palepale. Faida ya Noah ni safu yake ya tatu, na wala haitokani na upana.

Kutoka mita 1.695 za nje, toa unene wa milango miwili na plastiki zake za ndani. Katika magari mengi ya daraja hili, mto wa siti ya nyuma hubaki na kati ya sentimita 120 na 130 za kutumika, na kwenye usawa wa mabega huongezeka sentimita chache kwa sababu milango imebinuka kwenda nje. Sasa tazama viti. Viti vikubwa vya kifahari, vyenye vishikilia vikombe pembeni na vijisofa vya mikono, hufika sentimita 48 au 50 kimoja. Vitatu vya namna hiyo vinahitaji sentimita 144 na zaidi. Haviingii hata kwenye Premio. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 129, iliyoanza kutumika mwaka 2013 na kuleta viti vinavyoitwa i-Size, inataka kiti cha aina hiyo kitoshe ndani ya nafasi ya upana wa sentimita 44. Vitatu vyake vinafika 132, yaani vinakaribia kabisa na kukwama mlangoni. Vipo viti vilivyobuniwa makusudi kuwa vyembamba: Radian ya kampuni ya Diono, kwa mfano, ina upana wa inchi 17, ambazo ni sentimita 43 na kidogo. Busta isiyo na mgongo, yaani kile kikalio cha kumwinua mtoto mkubwa ili mkanda wa gari umkae vizuri, inaweza kuwa na sentimita 38 hivi.

Chukua familia yenye mtoto wa miezi 5, wa miaka 3 na wa miaka 8. Wakinunuliwa viti vitatu bila kupima, vya sentimita 48 kila kimoja, hesabu inafeli kwa mbali. Wakipewa kiti cha kichanga cha sentimita 44, kiti chembamba cha sentimita 43 na busta ya sentimita 38, jumla ni 125. Zimeokolewa sentimita 19 bila kugusa gari. Tofauti kati ya familia inayoambiwa haiwezekani na familia inayosafiri salama imo ndani ya sentimita hizo 19, na ni ajabu kidogo kwamba katika maduka mengi ya vifaa vya watoto hakuna anayezitaja. Muuzaji atakueleza rangi, atakuonyesha jinsi kitambaa kinavyofuliwa, lakini ukimuuliza upana atakutazama kama umeuliza uzito wa mwezi.

Hata hivyo, jumla ya upana haisemi yote, kwa kuwa viti vya watoto si maboksi ya pembe nne. Kiti kinachotazama nyuma, cha mtoto mchanga, ni chembamba pale chini na kipana kwenye mabega na kichwa, na sehemu hiyo pana iko mbele, karibu na mgongo wa dereva. Kiti kinachotazama mbele kina upana wake mkubwa nyuma, kwenye egemeo la gari, ambako mbawa za kichwa hukaa. Viwili vinavyotazama upande mmoja hugongana bega kwa bega. Kimoja kikitazama nyuma na jirani yake akatazama mbele, sehemu pana ya huyu inaangukia kwenye sehemu nyembamba ya yule, na viti ambavyo kwenye karatasi vimezidi sentimita tatu au nne huingia gari likiwa limefungwa milango. Kwa hiyo kabla ya kukata tamaa, badilisha mpangilio. Wenye uzoefu wa kazi hii hujaribu mipangilio minne au mitano kabla ya kusema gari limeshindikana, na mara nyingi huanza na kiti cha katikati, kwa kuwa ukikiacha mwisho utakosa mahali pa kuingiza mkono.

Kuna jambo jingine ambalo huwashangaza wazazi. Magari ya miaka ya karibuni yana vyuma viwili vilivyofichwa kwenye ufa kati ya mto na egemeo, ambavyo kiti cha mtoto hung'ata na kushikamana navyo. Mfumo huo unaitwa ISOFIX, na umbali kati ya vyuma hivyo ni sentimita 28. Wauzaji huusifu, na kwa haki, kwa sababu unapunguza makosa ya kufunga. Lakini vyuma vimechomelewa mahali pake na kwa kawaida vipo kwenye siti mbili za pembeni tu. Kiti kikishikamana navyo hakiwezi kusogezwa hata kidogo kuelekea mlangoni. Ukikifunga kiti hichohicho kwa mkanda wa gari, kama kitabu chake kinaruhusu, unaweza kukisogeza sentimita tatu au nne upande wa mlango, na sentimita hizo zikakombolewa kwa ajili ya mtoto wa katikati. Mkanda uliofungwa sawasawa haupungukiwi kitu mbele ya ISOFIX. Mwenye gari la zamani lisilo na vyuma hivyo asijione maskini; katika shughuli hii ya viti vitatu, wakati mwingine ana nafuu kuliko jirani yake.

Kikwazo kikubwa kuliko upana, na ambacho husahaulika kabisa, ni mkanda wa katikati. Fungua mlango wa nyuma wa gari la Kijapani la mwanzoni mwa miaka ya 2000 uangalie. Siti mbili za pembeni zina mikanda inayopita begani na kiunoni. Ile ya katikati, katika magari mengi, ina mkanda wa kiunoni peke yake, mara nyingi umekunjwa na kusukumwa ndani ya ufa wa siti kwa sababu hakuna aliyewahi kuuhitaji. Mkanda huo hauwezi kutumika na busta hata kidogo. Kazi ya busta ni kuuweka mkanda wa bega katikati ya bega na ule wa kiunoni juu ya mifupa ya nyonga. Pasipo mkanda wa bega, mtoto hujikunja kwa mbele kama kisu cha mfukoni na nguvu yote huishia tumboni na kwenye uti wa mgongo. Madaktari wa ajali wanayajua majeraha hayo vizuri. Kiti chenye mikanda yake mwenyewe ya mabegani kinaweza kufungwa kwa mkanda wa kiunoni, lakini si vyote: vingi vya Kimarekani vinaruhusu, vingi vya Ulaya vinadai mkanda wa pointi tatu. Jibu limo ndani ya kitabu cha kiti, na kwenye kiti chenyewe kuna michoro midogo inayoonyesha mkanda unapopita.

Hapo ndipo ile familia ya watoto watatu inapopata mpangilio wake. Wa miaka 3 akae katikati katika kiti chembamba chenye mikanda yake, kilichofungwa kwa mkanda wa kiunoni kama kitabu kinaruhusu. Kichanga akae dirishani akitazama nyuma. Wa miaka 8 akae dirisha la pili kwenye busta, apate mkanda wa bega. Linabaki tatizo moja dogo lenye usumbufu mkubwa, nalo ni kile kifungio ambamo ulimi wa mkanda unachomekwa. Kifungio cha mtoto wa dirishani kiko upande wa ndani, na kiti cha katikati kikitanuka kitakilalia. Mtoto wa miaka 8 atachomeka, atashindwa, na baada ya siku chache ataacha kufunga mkanda bila kumwambia mtu. Kwa hiyo baada ya kupanga, mpe mtoto mwenyewe ajifunge na kujifungua mara kadhaa ukimtazama. Asipoweza, mpangilio haujafaulu, hata kama viti vyote vimeingia na milango imefungika.

Kuingia, kwa kweli, si kufungwa. Baada ya kiti kukaa mahali pake, weka goti juu yake ukikikandamiza, vuta mkanda mpaka ukatae, kisha kishike pale mkanda unapopita na ukitikise kushoto na kulia. Kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu. Kila kiti kipimwe peke yake, kwa sababu viti vitatu vilivyobanana hushikana na kudanganya: vyote huonekana imara, kumbe kimoja kimeshikiliwa na majirani wawili, na siku kichanga akibaki kwa bibi na kiti chake kikatolewa, cha katikati kinacheza. Baadhi ya mikanda ya gari huvutwa yote hadi mwisho, na inaporudi hutoa mlio wa tiki-tiki. Hiyo imejifunga na haitalegea. Mingine hujifunga pale tu gari linapokwama ghafla, na hiyo inahitaji kiti chenye kibanio chake cha kuuzuia mkanda. Mtoto akishakaa, jaribu kufinya mkanda wake wa begani kwa vidole viwili. Ukipata mkunjo wa kufinya, bado umelegea.

Sasa tuwasikilize wasiokubali, maana ni wengi na hoja zao si za kijinga. Wa kwanza ni yule anayesema mama akimpakata mtoto, mtoto yuko salama, kwani hakuna kiti kinachoweza kushinda mikono ya mama. Katika mji wetu mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa. Gari likigonga kitu kwa mwendo huo, husimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde hivi. Mtoto wa kilo 10 katika muda huo huvuta mikono iliyomshika kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 140 hivi, karibu mifuko mitatu ya saruji, inayoletwa bila taarifa. Hakuna mikono ya mama wala ya mbeba mizigo wa bandarini inayoizuia. Mama asiyefunga mkanda huongeza balaa kwa kumkandamiza mwanawe kwenye siti ya mbele kwa uzito wake mwenyewe. Idara ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, inakadiria kwamba kiti kilichofungwa vizuri katika gari dogo hupunguza vifo vya watoto walio chini ya mwaka mmoja kwa asilimia 71, na vya watoto wa mwaka 1 hadi 4 kwa asilimia 54. Mapenzi hayamo katika hesabu hiyo, wala hayapaswi kuwamo.

Wa pili ana elimu zaidi. Atakukumbusha kwamba mchumi wa Chicago, Steven Levitt, alichambua kumbukumbu za ajali mbaya za Marekani za miaka mingi na kudai kwamba kwa watoto wa kuanzia miaka 2, mkanda wa kawaida wa gari huzuia vifo karibu sawa na kiti cha mtoto. Kwa nini basi tuhangaike kupanga viti vitatu? Hoja hii inastahili jibu la heshima. Kwanza, Levitt alilinganisha mtoto aliyefungwa kwa mkanda na mtoto aliyefungwa kwenye kiti; wote wawili walikuwa na nafuu kubwa kuliko asiyefungwa chochote. Mtoto wetu wa tatu kwa kawaida hayumo katika kundi lolote kati ya hayo mawili. Amesimama kati ya siti mbili za mbele akiuliza mtafika lini. Pili, Levitt na mwenzake Joseph Doyle, walipohama kutoka vifo kwenda majeraha, waliona viti vinapunguza majeraha madogo kwa kiasi cha robo. Na watafiti wa hospitali ya watoto ya Philadelphia walipotazama watoto wa miaka 4 hadi 8, mwaka 2009, waliona busta inapunguza hatari ya kuumia kwa asilimia 45 kuliko mkanda peke yake. Ninachokichukua kutoka kwa Levitt ni kitu kimoja cha manufaa: ikiwa umejaribu kila mpangilio na ukashindwa, mtoto mkubwa kuliko wenzake ndiye wa kukaa na mkanda wa kawaida, dirishani, wenye bega na kiuno. Kushindwa kumpatia kiti si ruhusa ya kumwacha bila mkanda.

Serikali za nchi tajiri zimekutana na tatizo hilihili na kulikubali kimyakimya ndani ya sheria zao. Uingereza mtoto hutakiwa kutumia kiti mpaka afikishe miaka 12 au kimo cha sentimita 135, lolote litakalotangulia. Lakini ikiwa viti viwili vilivyokaliwa vimezuia cha tatu kuingia nyuma, mtoto wa miaka 3 au zaidi anaruhusiwa kukaa nyuma kwa mkanda wa mtu mzima. Japani yenyewe, yatokako magari yetu, imedai viti kwa watoto walio chini ya miaka 6 tangu Aprili 2000. Falme za Kiarabu, ambako Waswahili wengi wanaishi na kuendesha, zilianza Julai 2017 kudai kiti kwa mtoto hadi miaka 4, na kumkataza mwenye chini ya miaka 10 au kimo cha chini ya sentimita 145 kukaa mbele. Huku kwetu, Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ni ya mwaka 1973, na wanasheria na wanaharakati wamedai kwa miaka mingi irekebishwe ili viti vya watoto vitajwe kwa jina. Madai yao naona ni ya haki, ila sheria itakayoandikwa bila kufikiria familia ya watoto watatu itazalisha faini nyingi na viti vichache.

Na hili si jambo la kudhania tu. Wachumi Jordan Nickerson na David Solomon walichunguza sheria za majimbo ya Marekani, ambazo zilianza Tennessee mwaka 1978 na kuendelea kupandisha umri wa kutumia kiti jimbo kwa jimbo. Waligundua kwamba pale sheria ilipowabana wazazi wawe na viti viwili tayari nyuma, uwezekano wa kupata mtoto wa tatu ulishuka. Ulishuka katika kaya zenye gari, na zaidi katika zile zenye mwanaume nyumbani, ambamo siti mbili za mbele zina wenyewe. Walikadiria kuwa mwaka 2017 sheria hizo zilizuia vifo 57 vya watoto lakini ziliambatana na uzazi pungufu wa watoto 8,000. Wapo wanaoutumia utafiti huo kupinga viti. Mimi nausoma kinyume. Haukusema viti vinaua uzazi. Ulionyesha jinsi wazazi wanavyoamini kwamba cha tatu hakiingii bila kununua gari kubwa, na imani hiyo ina nguvu kiasi cha kuamua nani azaliwe. Kama sehemu ya imani hiyo ni kosa la vipimo tu, basi dawa yake ni viti vyembamba na maelezo mazuri dukani, na sheria ibaki. Waingereza wameonyesha njia: kampuni moja huko, Multimac, hutengeneza benchi moja lenye viti vitatu au vinne vya watoto linalofungwa juu ya siti ya nyuma ya gari la kawaida. Ni ghali, na kwa mfuko wa wengi wetu halifikiriki, lakini linathibitisha kwamba nafasi ipo.

Tunabaki na pingamizi ambalo nalipa uzito kuliko yote, na halitoki kwa wachumi. Siti ya nyuma ya gari la Kiafrika si ya watoto peke yao. Bibi anakwenda kliniki, dada wa kazi anamshika kichanga, shangazi anashushwa njiani. Ukijaza viti vitatu nyuma, gari limegeuka la watu watano kamili: dereva, mtu mzima mmoja, watoto watatu. Wa sita hana pake. Hapa sina suluhisho la kupendeza. Gari lenye mikanda mitano ni la watu watano, na lilikuwa la watu watano hata kabla ya viti kununuliwa. Viti vimelifichua jambo hilo tu. Itabidi wengine wapande daladala au gari lirudi mara ya pili. Kuhusu wale wanaosema foleni ya mjini haizidi mwendo wa punda, wana haki saa kumi na moja jioni. Hawana haki saa mbili usiku barabara ikiwa nyeupe, wala Desemba familia nzima inapoelekea Moshi au Mbeya. Shirika la Afya Duniani limekwishaeleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa miaka 5 hadi 29 duniani.

Bei nayo ni kweli inauma, na ndiyo inayowapeleka wengi kwenye mitumba. Sikatai mtumba kwa ujumla, ila kiti cha mtumba kinataka macho makali kuliko koti. Kigeuze juu chini. Kwenye plastiki ya tumbo lake kuna tarehe ya kutengenezwa, na watengenezaji wengi hutoa muda wa miaka 6 hadi 10 tu, kwa kuwa plastiki inayokaa ndani ya magari yenye joto na baridi huchoka. Kiti cha Ulaya kina lebo, kwa vile vya zamani ya rangi ya machungwa, yenye herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyokithibitisha: E1 ni Ujerumani, E4 Uholanzi, E11 Uingereza. Cha Kimarekani kinataja kanuni namba 213 na kina kibanio cha plastiki kifuani. Kisicho na lebo yoyote ni sofa ndogo tu. Kilichowahi kuwamo ndani ya gari lililogonga hakifai hata kama hakina ufa unaoonekana, na muuzaji wa mtumba hana namna ya kukuhakikishia historia hiyo. Ndiyo maana, pesa ikiwa haba, ni heri kununua kiti kipya cha bei ya chini chenye lebo kuliko kikuukuu cha jina kubwa. Kiti cha bei ya chini kwa kawaida hakina vijisofa vya pembeni, kwa hiyo mara nyingi ni chembamba zaidi. Hiyo ni mara moja ya nadra ambayo mfuko mwembamba na siti nyembamba vinakubaliana.

Yapo magari yanayoshindwa kabisa, na ni vizuri kuyasema. Yale madogo sana ya daraja la injini ya sisi 660, kama Alto na Wagon R, yana upana wa mita 1.48 na mikanda miwili tu nyuma. Humo watoto watatu hawaenei kwa mpangilio wowote wa halali. Familia yenye mapacha wadogo na kichanga, wote wakihitaji viti vyenye mikanda yake, itabanwa hata ndani ya Vitz, na huenda ndiyo pekee ambayo ushauri wa Noah unaihusu kikweli. Wengine hufikiria kumhamishia mmoja mbele. Kama hapana budi, awe mkubwa kuliko wote, akiwa kwenye busta, na siti ya abiria ivutwe nyuma mpaka mwisho. Kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa wa dashibodi ambao haujazimwa, kwani ukifumuka humpiga mtoto kisogoni kupitia mgongo wa kiti chake, na magari mengi tuliyonayo hayana swichi ya kuuzima.

Kwa hiyo wewe unayemsubiri wa tatu, usianze na matangazo ya magari. Chukua futikamba, ingia siti ya nyuma ya gari ulilonalo na uandike mambo matatu: upana wa mto kutoka mlango hadi mlango, upana wa mahali pa mabega, na kama mkanda wa katikati una bega au hauna. Pima na viti ulivyonavyo tayari pale vinapotanuka zaidi. Nenda dukani na karatasi hiyo, tena nenda na gari na watoto, na muuzaji asiyekuruhusu kujaribu kiti ndani ya gari lako kabla hujalipa, mpite uende duka la pili.